Joto Chini ya Sufuria

Kabla ya kuwasha redio, Nakijwa Mbonea alikuwa na kawaida ya kuiamkia sufuria. "Shikamoo," aliiambia, akaigonga ubavuni kwa ukucha na kusikiliza. Hakuwa na wazimu. Mlio ulimwambia maji yamefika wapi, na leo yalikuwa tele na bado ya baridi, maana aliyateka alfajiri akayafunika kwa gunia bichi.

Sufuria ilikaa juu ya meza, si juu ya jiko. Chini yake kulikuwa na bamba la shaba, na chini ya bamba, kimekazwa kwa skrubu moja, kulikuwa na kidhibiti cha volti: kidude cheusi chenye miguu mitatu, kikubwa kama ukucha wa kidole gumba. Kati ya kidude na shaba aliweka kijikaratasi cha mika ili umeme usipite, akakipaka mafuta mazito meupe ili joto lipite. Kazi yote ya maisha yake ilikuwa ndani ya kijikaratasi kile. Umeme ukae, joto liende.

Betri zilizojazwa na jua zilitoa volti ishirini na nne. Redio, aliyoiunda mwenyewe kwa viungo vya feni mbovu na televisheni zilizokwisha kufa, ilitaka kumi na mbili. Kilichozidi hakikuondoka kwa adabu. Kidhibiti kilikimeza chote na kukitema kama joto. Akisikiliza tu, kidude kilikuwa na uvuguvugu wa yai lililotoka kutagwa. Akibonyeza kitufe na kuanza kusema, kiliwaka hadi kuunguza kidole, na uvumilivu wake ukiisha kilijizima chenyewe, redio ikanyamaza mpaka kipoe. Vilikuwepo vya kisasa visivyopata moto namna hiyo, lakini kila kimoja kilizaliwa na namba ya usajili tumboni, na namba zote zilijulikana na Bodi ya Joto.

Alichungulia dirishani. Juu ya nguzo, katikati ya kitongoji cha Kwasengo, Mizani ilikuwa imetulia, jicho lake la kioo likiwa la kijani.

Mizani haikusikiliza maneno ya mtu. Hakuna aliyejali tena mawimbi ya redio; hayo yalikuwa mambo ya mababu. Mizani ilitazama joto tu. Pasi ya nguo, kikaango, sigara iliyofichwa kiganjani, vyote iliviona kupitia ukutani na kuvihesabu kwenye posho ya kitongoji kizima. Jicho likiwa kijani, watu walipumua. Likiwa manjano, walizima kila kitu. Likiwa jekundu, chumba baridi kilifungwa hadi kesho yake, na chumba baridi ndicho walichoshinda wazee, wagonjwa na watoto wachanga saa za jua kali. Iliwahi kutokea, kwa sababu ya mtu mmoja aliyeshindwa kuvumilia hamu ya vitumbua. Alivikaanga vikaiva vizuri, na wazee wawili hawakuiona jioni.

Ndiyo maana Kwasengo walimchagua mtunza zamu, mtu wa kugawa joto kama babu zao wa milimani walivyogawa maji ya ndiva, lile bwawa la kuchimba kwa mikono ambalo kila ukoo ulifungulia mfereji wake kwa zamu. Walimtafuta mtu asiye na tamaa. Wakamchagua Nakijwa.

Alivaa visikizio, akabonyeza kitufe.

"Ndivani, Ndivani. Hapa Kwasengo. Ova."

Kelele zilimiminika kama mchele kwenye ungo. Kisha sauti ya mdogo wake, Sefania, ilitokeza kutoka upande wa pili wa milima.

"Nakupata, dada. Shikamoo. Ova."

"Marahaba. Sikiliza. Kesho hakuna fukuto, taarifa imetoka sasa hivi. Nendeni mashamba ya mbali, limeni. Ova."

Fukuto lilikuwa jambo la kuogopwa kuliko simba. Lilikuwa joto lenye unyevu ambalo ndani yake jasho halikauki, na mtu aliyekutwa nje huiva ndani ya ngozi yake mwenyewe. Kwasengo walitangaziwa na Mizani. Ndivani hawakutangaziwa na mtu. Walikuwa wamefutwa. Bodi iliwataka wahame, wao wakakataa kuiacha ndiva yao, na siku moja jina lao likaondolewa kwenye mtandao. Vioo vya mkononi vya watu vikaandika kwamba wakazi wote walihamishwa salama. Kuwapelekea joto waliofutwa, hata joto la neno moja, lilikuwa kosa ambalo adhabu yake ilibebwa na kitongoji kizima.

Walikuwepo bado, watu sitini na kitu, na pango lenye ubaridi mlimani. Walichokosa ni kujua lini waingie.

"Asante, dada," alisema Sefania. "Mzazi wetu hajambo? Ova."

"Mzazi wenu tangu lini? Ova."

"Si ndiye mwenye sufuria? Huku tunamwombea kila jioni. Hata mtoto wake tumempa jina. Tunamwita Kipoza. Ova."

Nakijwa alicheka bila kutaka. "Mtoto wa watu ana jina lake. Acheni utani. Hajambo, wote hawajambo. Na wewe kidhibiti chako kinapoa? Ova."

"Changu nimekitia kwenye mfereji wa ndiva, dada, kinaoga kuliko mimi. Ova na kwaheri."

Alizima, akatia kiwiko ndani ya sufuria. Maji yalikuwa vuguvugu. Alichomoa sahani ya umeme chini ya meza, ile yenye lakiri ya Bodi, akaipachika chini ya sufuria badala ya shaba.

Hiyo ilikuwa sahani ya mzazi. Katika sheria zake zote ngumu, Bodi ilibakiza huruma moja: mwanamke aliyejifungua alipewa posho yake pekee, isiyoguswa na hesabu ya kitongoji, ya kuchemshia sufuria moja ya maji kila siku hadi arobaini yake itimie. Mzazi akandwe, kidonda kioshwe. Safari hii mzazi alikuwa Namkunda, mke wa jirani, binti mwenye aibu ambaye alishonwa baada ya kujifungua. Mwenye kuchemsha alikuwa mtunza zamu.

Na Mizani ilipoiona meza ya Nakijwa ina joto, ilisema: maji ya mzazi. Haikuuliza joto limetoka kwenye sahani au kwenye redio. Tatizo ni kwamba posho ilikuwa ya kuchemsha sufuria moja tu, si chembe zaidi. Redio ilipomaliza kusema, nusu ya joto lake ilikuwa imevujia hewani bila kuyafikia maji, na Mizani ilikuwa imelihesabu lote. Kilichobaki hakikutosha kuyachemsha. Kilitosha kuyafanya yaunguze kiwiko.

Yalipounguza, alizima.

"Hodi!"

Ilikuwa sauti ya Bi Nambike, mkwe wa Namkunda, mwanamke mzee mwenye mikono mipana, aliyekwisha kuwakanda wazazi wa nusu ya kitongoji. Nakijwa alisukuma redio nyuma ya pazia.

"Karibu, mama. Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Yamechemka?"

"Yamechemka, mama."

"Mungu akuzidishie." Bi Nambike alikunja kanga akaibeba sufuria. "Mimi nasema kila siku, maji ya mzazi hayapimwi kwa kiwiko, yanapimwa kwa mapovu. Lakini nyinyi mliokua baada ya moto kukatazwa, nani atawafundisha mapovu? Afadhali wewe."

Akaondoka akivuta miguu. Nakijwa alisimama mlangoni, moyo ukimchoma kidogo, kama kila siku. Kidogo tu. Kizazi chake kilikua bila jiko. Walichojua ni kwamba maji yakiwa ya moto yamekwisha kuwa safi. Mtu akishika maji na kuyaachia kwa haraka, nani atamwambia kwamba bado? Hivyo ndivyo alivyojituliza, na kwa sababu alitaka kutulia, alitulia.

*

Asubuhi iliyofuata waliitana kwa kelele. Namkunda alikuwa na homa.

Nakijwa alimkuta amelazwa chumba baridi, midomo imekauka, macho yanang'aa vibaya. Mumewe, Kilave, alikuwa amembeba mtoto kama mtu aliyeshikishwa yai asilojua pa kuliweka. Bi Nambike alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, na mbele yake, kwenye kioo kidogo cha mkononi, nesi wa kioo alikuwa akiuliza maswali. Huyo hakuwa mtu. Alikuwa mashine yenye sauti ya upole, na ndiye aliyefungua sanduku la dawa la kitongoji kwa mbali. Bila yeye hata panado haikutoka.

"Je, kidonda kina harufu?" aliuliza nesi.

"Kidogo," alijibu Bi Nambike.

"Je, maji ya kumwoshea yalichemshwa?"

"Yalichemshwa. Tena anayachemsha mtunza zamu mwenyewe. Huyu hapa."

Nakijwa alifungua kinywa. Akakifumba.

"Asante," alisema nesi. "Nimeondoa maji kwenye vyanzo vya homa. Huenda ni maziwa yamejaa. Mkandeni kifua, mpeni dawa ya kushusha homa, na tutazungumza tena kesho."

Sanduku lilifunguka kwa mlio mdogo, likatoa vidonge viwili vyeupe, likajifunga.

"Da Nakijwa," Namkunda aliita kwa sauti ya kukwaruza. "Asante kwa maji. Mama anasema ungekuwa na roho nyingine ungeyapunja."

Nakijwa alimshika mguu juu ya shuka. Uliwaka kupita bamba la shaba. Alitaka kusema. Aliyaona maneno yote yamejipanga: sikuyachemsha, nilikula joto lako. Lakini nyuma ya maneno hayo yalikuja mengine. Joto ulilitia wapi? Kwenye redio. Unaongea na nani? Na waliofutwa. Kioo cha mkononi kingeyasikia, kingeyapeleka Bodi, na jicho la Kwasengo lingekuwa jekundu kwa sababu yake. Chumba hiki hiki alimolala Namkunda kingefungwa. Na mlimani watu sitini wasingejua tena lini waingie pangoni.

Alisema, "Ugua pole," akatoka. Alijichukia tangu kizingitini hadi nyumbani kwake.

Hajafika mlangoni, Mizani ilizungumza kwa sauti yake ya karamu.

"Wapendwa wakazi wa Kwasengo. Taarifa ya jana imebadilika. Fukuto litafika leo alasiri. Mashine za chumba baridi zitafanya kazi zaidi, hivyo matumizi yenu sasa ni manjano. Posho ya mzazi haijaguswa. Tunawashukuru kwa uaminifu wenu."

Nakijwa aliegemea ukuta. Jana, kwa kinywa chake, aliwaambia Ndivani waende mashamba ya mbali.

*

Alisimama mbele ya meza kwa muda mrefu kuliko alivyokuwa na haki ya kusimama.

Sufuria ilikuwa imejaa, maji ni ya baridi. Kulia kwake ilikuwepo sahani ya mzazi, kushoto bamba la shaba na kidude chake cheusi. Posho ilikuwa moja. Akiweka shaba chini ya sufuria, angeweza kusema na Ndivani mpaka wamsikie, na Namkunda angeoshwa tena kwa maji ya uongo. Akiweka sahani, Namkunda angepata maji ya kweli, na redio isingekuwa na pa kutupia joto lake, kwa sababu maji yanayochemka hayapozi kitu. Alijaribu kukumbuka kama yupo mtu wa kumuuliza. Hakuwepo. Ugawaji wote wa joto wa Kwasengo ulikuwa mikononi mwake, na kwa siku zote hizi aliwagawia watu kwa haki huku mwenyewe akiiba kwa mwanamke aliyelala.

Aliweka sahani.

Alikaa akaitazama. Maji yalianza kutoa moshi mwembamba. Yakaunguza kiwiko, pale alipozoea kuzima. Hakuzima. Yakaanza kunong'ona pembeni, kisha sufuria ikatetemeka, na mapovu yakapanda kutoka chini makubwa makubwa, yakipasuka na kufuatana, na nyumba ikajaa mlio wa kubwabwaja ambao hakuwahi kuusikia maishani mwake. Ndipo alipojua. Hakuhitaji kufundishwa na mtu. Maji haya na yale ya kiwiko hayakuwa ndugu.

"Hodi," alisema Bi Nambike, lakini kwa sauti ndogo, na hakuingia.

"Karibu, mama. Nilikuwa nakuletea—"

"Hiyo ni sauti gani?"

"Maji, mama. Yanachemka."

Bi Nambike alisimama kizingitini, kichwa kimeinama upande mmoja kama mtu anayesikiliza wimbo wa zamani. Alipokiinua, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Nakijwa. Kila siku nasimama mlangoni hapa. Sijawahi kuisikia sauti hii."

Nakijwa aliinamia sufuria.

"Nilidhani nachelewa. Nilidhani nafika yamekwisha kutulia." Mzee aliingia, akaufunga mlango nyuma yake, akakifunika kioo chake kifuani kwa kanga mbili ili kisisikie. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Sema."

Akasema. Alianza vibaya, akiruka huku na huko, kisha yakamtoka yote mfululizo: redio, kidude kinachotema joto, sufuria iliyokipoza, sahani iliyowashwa kwa muda mfupi tu ili kiwiko kidanganyike. Ndivani. Sefania. Fukuto la leo. Alipomaliza alikuwa akilia, na hakuwa na haki ya kulia, akajua hivyo, akajifuta.

Bi Nambike hakumpiga. Nakijwa alikuwa amejiandaa kupigwa. Mzee alitoa kioo chake kifuani.

"Nesi," alisema. "Nilikosea. Maji hayakuchemka."

"Asante kwa kunieleza," alisema nesi. "Je, ni siku moja?"

"Siku zote."

"Kwa nini hayakuchemka?"

Bi Nambike alimtazama Nakijwa, na katika macho yale hapakuwa na huruma.

"Uzee," alisema. "Nilisahau kuangalia mapovu."

"Pole. Basi inawezekana kidonda kimeoza. Nafungua dawa nyingine. Apewe sasa, na aoshwe kwa maji yaliyochemka na kupoa. Homa yake imekwisha kuwa kali. Siwezi kuahidi."

Bi Nambike alimpigia Kilave, akamwambia dawa ipo kwenye sanduku, ampe mkewe mara moja. Kisha akakirudisha kioo kifuani, akakifunika tena kwa kanga. Nakijwa alizima sahani. Mapovu yalitulia taratibu.

"Yapoe kwanza ndipo niyabebe," alisema mzee, kama anajisemea. Akaketi. Akauliza, bila kumtazama, "Huko Ndivani, wana mzazi?"

"Wawili, mama. Mmoja ana mapacha."

"Na leo wako mashambani."

"Niliwaambia mimi waende."

"Basi waite."

"Siwezi. Maji yamechemka, hayapozi kitu. Posho imekwisha. Nikisema kidogo tu Mizani itaona kidude kinawaka, na manjano hii haina nafasi ya hata kibiriti."

"Mizani haioni kitu gani?"

Nakijwa alifikiri. Kulikuwa na kitu kimoja tu. Bodi haikuthubutu kumkataza mtu kuwa na joto la mwili wake, kwa hiyo Mizani ilifundishwa kuiruka miili ya watu. Penye ngozi ilisema: mtu. Haikuhesabu.

Alivuta redio kutoka nyuma ya pazia, akavaa visikizio, kisha akakifungua kidude kutoka mezani, pamoja na bamba lake na nyaya zake ndefu. Akachovya kitambaa kwenye mtungi wa maji ya kunywa, akakizungushia shaba, akaishika kati ya viganja viwili kama mtu anayeomba.

"Itakuunguza," alisema Bi Nambike.

"Najua."

"Mkono wako mmoja hautoshi, na mwingine ni wa kitufe." Mzee alisogeza kiti. Alichovya upindo wa kanga yake mtungini, akaweka viganja vyake vipana juu ya shaba, mahali pa mkono wa Nakijwa. "Usidhani nimekusamehe. Sijakusamehe. Sema na watu wako."

Nakijwa alibonyeza kitufe.

"Ndivani, Ndivani, hapa Kwasengo. Fukuto leo. Ingieni pangoni. Ova."

Kelele tupu.

"Ndivani, fukuto leo alasiri, taarifa ya jana ilikosea, ingieni, ingieni. Ova."

Kitambaa kilianza kutoa mvuke. Joto lilipita kwenye shaba kama lilivyofundishwa kupita, bila kuchagua mkono. Bi Nambike alifumba macho na kuanza kuhema puani kama mwanamke mwenye uchungu. Nakijwa alimwagia maji kutoka mtungini kwa kiganja, akabonyeza tena, akasema tena. Vidole vyake vilivyoegemea ukingo wa bamba vilikuwa vimeanza kuvimba malengelenge, na alishangaa kwamba maumivu yale yalimpa nafuu fulani, akaionea aibu nafuu hiyo.

Nje, jicho la Mizani lilikuwa manjano. Lilibaki manjano.

"Sefania! Ingieni pangoni! Kama unanisikia, acha kila kitu, ingieni! Ova!"

Katikati ya neno la mwisho taa ndogo ya redio ilififia. Kidhibiti kilikuwa kimefika mwisho wake na kujizima. Bi Nambike aliachia shaba, viganja vyake vikiwa vyekundu kama nyama, akavitumbukiza mtungini bila neno.

Nakijwa alikipepea kidude kwa upepeo wa ukili, akikipulizia kama mtu anayempozea mtoto uji. Kusikiliza hakukula umeme mwingi. Kidude kikipoa kidogo tu redio ingeweza kusikia, ingawa isingeweza kusema. Taa ikarudi, dhaifu. Kelele zikarudi. Alivua visikizio, akavigeuza nje ili wote wawili wasikie.

Kwa muda mrefu ulikuwa mchele mtupu kwenye ungo. Halafu, kwa mbali, mtu anayetweta.

"...nimekupata, dada! Nimekupata mara ya mwisho! Tunakimbia, wengi wameshaingia, wazazi wote wawili wamo ndani. Nimerudi redioni kukujibu tu. Mungu akubariki wewe na sufuria yako. Ova."

Nakijwa aliinamisha kichwa juu ya meza. Bi Nambike aliendelea kutazama ukuta.

"Dada," ilisema redio. "Unanisikia? Niambie kabla sijaingia, watu wameniuliza njiani. Mzazi wetu hajambo? Na Kipoza? Ova."

Nakijwa alibonyeza kitufe. Taa ilizimika papo hapo. Alikiachia, ikarudi.

"Kwasengo, Kwasengo. Mzazi hajambo? Ova."

Kwenye sufuria maji yalikuwa yametulia kabisa, safi, yakipoa.

"Dada? Mzazi hajambo?"

"Mjibu," alisema Bi Nambike.

"Haiwezi, mama. Kidude kina moto bado."

Mzee alitoa mikono yake mtungini. Ngozi ilikuwa imeanza kuinuka. Aliishika sufuria kwa upindo mkavu wa kanga, akasimama nayo, akaelekea mlangoni kwenda kwa mkwe wake aliyelala na homa ambayo hakuna aliyeweza kuahidi chochote juu yake. Pale kizingitini alisimama.

"Kikipoa utamjibu," alisema. "Na utamwambia ukweli."